Baba Mkwe na Jua la Saza

Kwetu Ileje, milimani, ugonjwa ni mmoja tu, nao ni baridi. Ukikohoa, ni baridi. Ukiumwa mgongo, ni baridi. Mtoto akiharisha, baridi imemwingia tumboni. Bibi kizee akifariki baada ya kula umri wake wote na wa jirani yake, watu wanatikisa vichwa na kusema baridi ya mwaka huu ilikuwa kali. Na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa mmoja, dawa nazo hazikuwa na sababu ya kuwa nyingi: blanketi, moto, na nyungu, yaani chungu cha majani yaliyochemshwa, ambacho mgonjwa huinamishwa juu yake akiwa amefunikwa gubigubi mpaka jasho limtoke. Waliopona kwa njia hiyo walisimulia miaka yote. Waliokufa hakuna aliyewauliza. Nami nilikua nikiamini hayo kama nilivyoamini kwamba ukungu wa asubuhi upo kila mahali duniani.

Kisha nikaolewa, na baada ya mwaka mmoja ukweni nikateremshwa kumfuata mume wangu huko Saza, kwenye machimbo ya dhahabu. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya pili, Mwingereza angali anatawala, na vijana wa milimani walikuwa wakishuka bondeni kutafuta kodi ya kichwa na suruali. Nilikuta nchi ambayo haijawahi kusikia habari za baridi. Mume wangu alikuwa ameajiriwa na Mzungu mmoja, mchimbaji mdogo, aliyekuwa na mashimo machache na hasira nyingi, na alikuwa amepewa chumba cha mabati. Si paa peke yake; kuta nazo bati. Aliniingiza ndani kwa fahari kubwa, maana katika ukoo wao wote hakuna aliyewahi kulala ndani ya bati. Nilikaa humo mchana mmoja tu nikaelewa kwa nini. Siku ya pili nilimwomba anijengee jiko la nyasi pembeni, akanijengea, akisikitika kwamba ameoa mshamba.

Mzungu yule alilijua jua, lakini alilijua kwa upande wake. Alivaa kofia ngumu iliyofunika hadi masikio, akaning'iniza kitambaa nyuma ya shingo, na saa sita ikifika alijitia kwenye baraza yenye kivuli akaletewa chai. Wakati huohuo watu wake walikuwa juani wakiponda mawe. Alikuwa na imani thabiti kwamba jua hutazama kwanza rangi ya ngozi ndipo lipige. Mtu akianguka mara ya kwanza aliitwa mvivu, akianguka tena aliitwa mlevi, hata kama ni mzee wa kanisa asiyejua harufu ya pombe. Wenzetu nao hawakubishana naye. Waliwabeba walioanguka wakawafunika mablanketi, wakawawashia moto, na kulaumu baridi ya usiku.

Mimi mwenyewe niliangushwa mwezi wa kumi, kabla mvua hazijakumbuka kwamba Saza ipo. Bibi harusi wa kwetu haendi kisimani asubuhi, wakati njia zimejaa wanaume. Huenda wanaume wakiwa kazini. Milimani desturi hiyo ina akili, kwa sababu saa sita ya milimani ni saa ya kuota jua. Bondeni, maana yake ni kwamba kila siku nilichagua kwa heshima na adabu saa mbaya kuliko zote, nikatoka na mtungi, nikiwa nimevaa gauni, shuka mbili, kitambaa kichwani, na sweta aliyonifumia mama ili nisije nikaugua ugenini.

Siku hiyo kichwa kilianza kunigonga nikiwa njiani kurudi. Misuli ya miguu ikakaza, tumbo likanichafuka, na katikati ya moto ule wote vinyweleo vikanisimama. Nikajisemea moyoni: baridi hiyo. Nikajifunga shuka vizuri zaidi. Nadhani nilipiga hatua chache tu, kisha nikaona ardhi inakuja.

Aliyeniokota ni jirani yangu, mwanamke wa Momba, mzaliwa wa mabonde yaliyo chini ya Tunduma, ambako watu wanalijua joto kama wanavyojua shemeji zao. Nilipopata fahamu nilikuwa chini ya kibanda chake, sina sweta, sina shuka, nimebaki na gauni lililolowa, naye ananipepea kwa ungo huku ananisema.

"Mayo, mama wee, umevaa nyumba nzima," akasema. "Ulisahau mlango tu."

Nikamwambia nasikia baridi, anifunike. Akacheka mpaka akaacha kupepea. Kisha akanipa maji aliyoyatia chumvi kidogo, akasema ninywe polepole, na kila nilipoomba shuka alinimwagia kata nyingine ya maji kifuani. Mchana wote ulikwenda hivyo. Nilikuwa na hakika kwamba ananiua, na sikuwa na nguvu ya kumzuia.

Sikufa. Tukawa marafiki. Kiswahili chetu kilikuwa cha kuazima, chake kinanuka Kinamwanga na changu Kindali, lakini katika kusengenya kilitosha. Siku nyingine, tukipukuchua mahindi, alinieleza mambo ya jua bila kuona kama ananifundisha kitu. Alisema jua huanza kwa kubisha hodi: kizunguzungu, kiu, kichwa, miguu kukaza. Hapo ukikaa kivulini, ukavua nguo, ukanywa, yameisha. Usipoitika hodi, linaingia ndani. Mtu anawaka huku hatetemeki, pengine jasho lenyewe limekauka, anaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Huyo hangoji dawa, akasema, wala usisubiri jioni ipoe. Ni maji mwili mzima na upepo, hapohapo alipo. Akinyamaza na usingizi mzito ukamchukua, ujue unakaribia kuzika. Na asiye na fahamu usimnyweshe, utamzamisha akiwa nchi kavu.

"Na nyungu?" nikamwuliza.

"Nyungu pikieni viazi," akasema.

Sasa lazima niseme habari za baba mkwe wangu, na kwanza niseme desturi. Kwetu mke wa mwana, yaani mkamwana, na baba mkwe hawaonani. Sikusema hawapendani; hawaonani. Akitokea njiani, mimi naingia vichakani. Akiwa uani, napita nyuma ya nyumba nimejifunika kichwa. Jina lake silitamki, alipoketi siketi, simsemeshi wala hanisemeshi, na kumgusa ndiyo haisemeki kabisa. Ukristo ulipofika milimani ulifuta mengi, ngoma na pombe na mke wa pili, lakini hilo hakuna mchungaji aliyelisogelea, maana wachungaji nao walikuwa na wakamwana. Mwanamke akivunja mwiko huo ukoo hukaa kikao, naye hutozwa ng'ombe. Na aliyeuvunja vibaya hurudishwa kwa baba yake.

Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza ukweni nilimjua mzee yule kwa kikohozi. Alianza kukohoa angali mbali, ili nipate nafasi ya kujificha, na alikohoa kwa uangalifu, hakunishtukiza hata siku moja. Mama mkwe alikuwa mtu wa kuhesabu kwa macho matonge niliyokula. Lakini asubuhi nyingine, baada ya siku niliyosemwa sana, nilifungua mlango wa jiko nikakuta sega la asali juu ya jani la mgomba. Hakuna aliyesema limetoka wapi. Nilikuwa nasikia kikohozi kikiondoka kuelekea kwenye mizinga. Nilimpenda mzee yule. Nasema hivyo wazi sasa, kwa sababu wakati ule sikuwa na mtu wa kumwambia, na yeye ndiye sikuruhusiwa kabisa kumwambia.

Mwaka wangu wa pili Saza, akaja kututembelea. Alitaka kuhakikisha mwanawe hajageuka mtu wa machimboni. Alitoka Ileje kwa miguu, akapumzika kwa ndugu wa kanisa katika vijiji vya Iyula na Ruanda, kisha akashuka ukingo kuja bondeni, tena mwezi wa kumi, akiwa ndani ya koti zito la sufu ambalo mdogo wake alirudi nalo kutoka vitani. Lile koti milimani lilikuwa cheo. Lilifika chini ya magoti, lilikuwa na vifungo vya shaba, na mzee aliyelivaa alipishwa njiani. Watu wa bondeni walipomwona amejifunga hadi kidevuni saa nane mchana walimpisha pia, kwa sababu nyingine.

Mume wangu alifurahi kupita kiasi. Alimweka babake mbele ya nyumba, kwenye kiti, ambapo kila mpita njia angeliona koti. Hakuna kivuli pale. Nilimtuma mume wangu amwambie mzee alivue. Akarudi akasema, "Tata anasema yeye si mtoto." Nikamtuma amwambie ahamie kivulini kwa jiko langu. Akanitazama kama niliyesema nataka kuvaa suruali.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa maji. Nilipeleka kibuyu cha maji kila asubuhi kwa mkono wa mume wangu, na kila jioni kibuyu kilirudi karibu kimejaa. Nilidhani labda maji ya bondeni yanamchukiza. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa. Choo chetu kilikuwa nyuma ya jiko langu, na njia ilikuwa moja. Mzee yule, ili asikutane na mkamwana wake, alikuwa ameamua kutokunywa. Alinistahi hivyo, mchana kutwa, ndani ya koti la sufu, kwenye jua la Saza. Nilimwambia mume wangu achimbe choo kingine. Akasema sawa, wiki ijayo.

Wiki ijayo ilianza Jumapili. Mzee alikwenda ibadani kambi ya jirani, ng'ambo ya uwanda, ambako Wakristo wa milimani walisali wazi kwa kuwa kanisa lilikuwa bado halijaezekwa. Alivaa koti na kulifunga vifungo vyote, maana anakwenda mbele za Mungu. Mume wangu na mwenzake mmoja, mtu wa kwetu aliyeponda mawe pamoja naye, walitangulia kurudi na kuanza kupiga soga. Mzee alibaki nyuma kusalimiana na watu. Jirani yangu wa Momba alikuwa amekwenda Tunduma msibani.

Nilikuwa natwanga. Nikasikia hatua, lakini sikusikia kikohozi, kwa hiyo sikujificha. Kivuli kikaingia mlangoni pa jiko. Nikavuta shuka usoni, nikaona miguu chini ya koti, inapishana kama ya ndama aliyezaliwa leo.

"Fungua zizi," akaniambia. "Ng'ombe wanarudi na mvua."

Hakukuwa na zizi. Hakukuwa na ng'ombe, na mvua ndiyo haikuwepo kabisa. Lakini kilichonitia hofu si hicho. Ni kwamba amenisemesha. Mchi ukanitoka mkononi. Kabla sijapata la kufanya akaanguka pale kizingitini, kifudifudi.

Nilipiga kelele, wanaume wakaja mbio. Mimi nikakimbilia nyuma ya nyumba, kama inavyotakiwa, wakambeba wakamwingiza wapi? Ndani ya bati. Wakafunga mlango ili upepo usimpige. Nikawasikia wakitafuta mablanketi, yetu yote na la yule mwenzake, kisha nikasikia kuni zinavunjwa. Mume wangu alisema baridi ya bondeni ni mbaya kwa sababu haionekani. Mwenzake akakubali. Wakamtuma mtu majani ya nyungu.

Nikauendea ukuta wa bati, nikaweka mdomo kwenye tundu la msumari.

"Mvueni koti," nikasema.

"Nani anasema?" akauliza mume wangu, ambaye alikuwa ameoa sauti hiyo kanisani.

"Ana jasho?"

"Hana hata tone," akajibu yule mwenzake. "Ndiyo maana tunataka kulitoa."

"Anatetemeka?"

"Hatetemeki. Anachoma mkono."

"Basi hiyo siyo homa mnayoijua. Ni jua. Mtoeni nje, mmwagieni maji."

"Maji!" Mume wangu alicheka kwa uchungu. "Mgonjwa wa baridi umwagie maji. Rudi jikoni, mama. Hapa kuna mgonjwa."

Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. Ila pale mwenye sikio hakuwa yeye aliyekuwa anakufa, na hilo methali haikulifikiria.

Nilibaki nimebandika kichwa ukutani, bati linaniunguza. Ndani mzee alikuwa anaita ng'ombe wake, kila mmoja kwa jina, ng'ombe aliokuwa nao ujanani. Mmoja hakurudi, akawa anamwita yuleyule tena na tena kwa sauti ya kubembeleza. Moto ukawashwa. Moshi ukaanza kutoka kwenye matundu ya misumari. Nikasikia chungu kinatua, na wanasema, mwinamishe, mwinamishe, funika vizuri hapo nyuma. Maneno ya mzee yakaanza kuwa mazito, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Kisha yakakatika.

"Amelala," akasema mume wangu kwa furaha. "Mnaona? Imeshika."

Nilijua huo si usingizi. Nilijua kama ninavyojua jina langu, na nilikuwa peke yangu katika kulijua. Watu husema wakati kama huo mtu hafikirii. Uongo, mimi nilifikiri vizuri sana. Niliona ng'ombe, nikaona baba yangu akinipokea mlangoni na mzigo wangu kichwani, nikaona mama mkwe akieleza nchi nzima. Nikaona pia kwamba nikirudi jikoni kama nilivyoambiwa, nitakuwa mkamwana mwenye adabu kuliko wote kwenye mazishi. Bora lawama kuliko fedheha. Nikachukua mtungi wangu, uliokuwa umejaa, nikaupiga teke mlango wa bati.

Maji ya kwanza niliyamwaga motoni. Mvuke ukajaa chumba, na kwa dakika ile hakuna aliyemwona mwenzake, jambo ambalo lilikuja kuwa na manufaa. Nilipoanza kuonekana, wanaume walifanya kitu ambacho bado kinanishangaza. Hawakunizuia. Hawakunisaidia pia. Mkamwana ameingia alipo baba mkwe, tena mzee kalala, naye yu karibu kuvuliwa. Waligeuka wote wakatazama ukuta. Mtu alikuwa anakata roho katikati ya chumba na vijana wenye nguvu za kuponda mwamba walikuwa wanahesabu misumari ya bati.

Nikamwinua mzee kutoka juu ya chungu, nikatupa mablanketi. Koti lilikuwa limefungwa hadi kooni, vifungo vimebana, sikuwa na subira navyo. Nikavuta. Vilirukaruka chumbani, kimoja kikampiga mume wangu kisogoni naye hakugeuka. Ngozi ya mzee ilikuwa kavu, inawaka. Nikamshika makwapa nikamburuta, visigino vikichora udongo, mpaka nje, mpaka chini ya nyasi za jiko langu ambapo kulikuwa na kivuli. Nikammwagia maji yaliyobaki, kichwani, shingoni, kwapani, mapajani. Nikalowesha shuka yangu nikamtandika nayo. Nikachukua ungo nikapepea.

"Maji mengine!" nikaita. Hakuna aliyekuja. "Wewe," nikasema, na kwa mara ya kwanza nilimwita mume wangu hivyo mbele ya watu, "kama hutaki kuniona, leta maji kinyumenyume."

Akaleta. Nusu ya njia alikuja kinyumenyume kweli, kisha akageuka, akamwona babake alivyolala mdomo wazi, na uso wake ukabadilika. Hapo ndipo akawa mtoto wa mtu. Akapiga magoti na kata ya maji akitaka kumnywesha. Nikaipiga kata ikaanguka. Nikamwambia amwage mwilini, asimtie mdomoni, atamzamisha. Hakubisha. Alikwenda kisimani akarudi, akaenda tena akarudi, anakimbia, Jumapili ile, na suruali yake ya ibada. Mimi nilipepea mpaka mikono ikafa ganzi, nikaendelea kwa mikono iliyokufa. Nilikuwa namsemesha mzee muda wote. Sikumbuki nilisema nini, nadhani nilimgombeza. Nilimpiga makofi mashavuni. Niliogopa kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, na hofu ile ilinijia kama hasira, ndivyo nilivyoumbwa.

Kivuli cha jiko kilikuwa kimerefuka kufika kwenye ukuta wa bati alipoguna. Mkono ukasogea. Kisha akafungua macho, akanitazama, nami nilikuwa nimemwinamia, kichwa wazi, sina shuka, nywele zimesimama. Uso ule nilikuwa nimeupiga makofi, lakini ndiyo mara ya kwanza nilitulia kuuona. Alikuwa na masikio ya mume wangu.

"Maji," akasema.

Sasa nikamnywesha, kidogokidogo, kwa kiganja. Alipomeza bila kupaliwa na kumtambua mwanawe kwa jina, nilinyanyuka, nikapita nyuma ya nyumba kama desturi inavyotaka, nikakaa chini nikatetemeka mwili mzima kwenye joto lile. Kama wangeniona wangeniletea blanketi.

Mzee alikaa dhaifu kwa majuma. Kichwa kilimuuma, miguu haikumtii, na kila jua lilipopanda alirudishwa kivulini. Choo kingine kilichimbwa siku iliyofuata; kumbe wiki ijayo inaweza kuwa kesho. Naye alikunywa. Kibuyu kilirudi kitupu kila jioni, nami nilikigeuza juu chini kuhakikisha.

Habari zilipanda mlimani kabla yetu, na zilipokuwa zinapanda zilibadilishwa nguo. Katika masimulizi ya yule mwenzake, nyungu ilikuwa imeshamponya mzee, tayari amelala usingizi mtamu, ndipo mkamwana akavamia na maji akaharibu kazi. Kule Ileje watu waliyapokea vizuri maneno hayo, kwa kuwa yalimwacha kila mtu na hekima yake. Tulipokwenda likizo, ukoo ulikuwa umekwisha kuitana.

Walikaa kwenye uwanja wa baba mkwe, wazee wa ukoo na mzee mmoja wa kanisa aliyekuja, alivyosema, kusikiliza tu. Mimi niliwekwa nyuma ya ua wa matete pamoja na mama mkwe, ambaye hakuwa amenisemesha tangu nifike. Kwanza walikula. Kesi ya heshima haiendeshwi na njaa. Kisha wakamwita yule mwenzake, wakamwuliza aliona nini. Akasema hakuona, alikuwa ametazama ukuta. Wakamwuliza mume wangu. Nilimsikia akisafisha koo. Alisema mvuke ulikuwa mwingi, na baada ya mvuke, yeye naye alitazama ukuta. Sijui mpaka leo kama ulikuwa woga au ilikuwa akili. Kwa mume wangu hayo mawili yalilala kitanda kimoja. Wakajadiliana kwa kirefu kama mtu asiye na fahamu anaweza kuhesabiwa ameonwa, na kama maji ni kugusa. Ng'ombe alitajwa. Baba yangu alitajwa pia. Nilikuwa nimejishika magoti kwa nguvu.

Mwishowe mkubwa wa ukoo akamgeukia baba mkwe wangu.

"Siku ile, kule bondeni," akasema, "mkamwana wako ulimwona?"

Nilisikia kiti kinalia.

"Sikumwona mtu," akasema. "Niliona maji."

Mmoja wao, nadhani alikuwa anatamani ng'ombe, akauliza kama maji ya Saza yana mikono.

"Yale yalikuwa nayo," akasema baba mkwe wangu. "Tena mizito. Yalinivunjia vifungo vyote, yakanipiga makofi, yakanitukana. Lakini uso hayakuwa nao."

Wazee wakanong'onezana. Ikaonekana kwamba tangu enzi za mababu hakuna aliyewahi kuyatoza maji ng'ombe, na haikuwa busara kuanza mwaka ule. Mama mkwe, bila kunitazama, akanishika mkono. Mimi nilikuwa nalia, nimejaza shuka mdomoni, kwa sababu kwetu baba mkwe hapaswi kusikia kilio cha mkamwana wake.